Kurudi Puzzle Pirates: yanayosemwa na yalivyo

"Ule mchezo si ulishakufa?" Ndilo swali la kwanza ukisema umerudi Puzzle Pirates, mchezo wa mtandaoni wa maharamia na mafumbo. Haukufa. Three Rings waliufungua mwaka 2003, Sega wakainunua kampuni hiyo mwaka 2011, na tangu 2016 umo mikononi mwa Grey Havens. Watu wamepungua, hilo kweli. Lakini chombo hakisubiri kijae ndipo king'oe nanga. Mabaharia wa kompyuta hushika nafasi zilizo wazi.

Dhana inayowakatisha watu tamaa zaidi ni kwamba waliobaki wamekupita mbali, huwafikii tena. Hayo ni mazoea ya michezo mingine. Humu kila kazi ya chombo ni fumbo, na anayelifumbua ni wewe, si mhusika wako.

Chukua kufua maji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Una ubao wa vipande vya rangi. Unabadilishana viwili vilivyo ubavu kwa ubavu, na vitatu vya aina moja vikipangana vinatoweka. Fundi havunji vitatu vitatu. Anajenga kimyakimya, halafu kwa badilisho moja mistari mitatu inakwenda kwa mpigo. Ukizembea, maji yanapanda na chombo kinakuwa kizito. Na seremala asipoziba matundu, maji huingia kwa kasi zaidi, na wewe uliye ngamani ndiye unayetoka jasho.

Mimi niliporudi, ripoti ya kazi ilitangaza kwamba nimeboronga, na ripoti hiyo husomwa na chombo kizima. Aibu tupu! Siku ya tatu vidole vilishakumbuka vyenyewe.

Vifaa navyo vina maana kidogo, tusidanganyane: katika pambano la upanga, aina ya upanga ndiyo huamua mpangilio wa vipande vinavyomwangukia mpinzani. Ila usidhani vyako vimeoza ukiwa hupo. Nguo na panga huchakaa kwa siku unazoingia tu.

Wengine husema bila pesa halisi huendi popote. Dabuluni, sarafu maalumu za mchezo huu, huuzwa kwa pesa halisi, ndiyo, lakini ndani ya mchezo kuna soko la kuzinunua kwa sarafu za kawaida ulizochuma baharini.

Na yule anayedhani nahodha wa maharamia alikomba ngawira yote? Hata maharamia wa kweli hawakukubali. Kwenye kanuni za Bartholomew Roberts, haramia wa karne ya 18, nahodha alipata mafungu mawili tu, sawa na msaidizi wake.