Kadhi abaki, kibali cha mhadhara kiondoke

Ukianza kuzungumzia kutenganisha dini na dola, haraka utatolewa mfano wa Marekani, ambako tangu 1791 katiba inalikataza Bunge lao kuanzisha dini ya taifa, au wa Ufaransa na sheria yao ya 1905. Mwaka huohuo wa 1905, hapa kwetu Zanzibar chini ya himaya ya Mwingereza, mali za wakfu, yaani zilizotolewa daima kwa ajili ya dini na hisani, zilikuwa zikiwekewa kamisheni ya serikali. Wao wanatenganisha, sisi tunaunganishiwa. Kwa hiyo mifano yao hainisaidii sana katika kazi yangu ya uwakili, maana kesi zangu nyingi ni za ndoa na mirathi.

Chukua jalada la mirathi. Juu lina mhuri wa mahakama, ya serikali hasa, na kadhi, hakimu wa sheria ya Kiislamu, analipwa mshahara na serikali. Ndani, hesabu ni ya Suratun Nisaa katika Qur'ani: mke wa marehemu aliyeacha watoto anatolewa thumni yake, sehemu moja ya nane, na kama wazazi wa marehemu hawapo, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Sasa kaka mkubwa akigoma kutoka katika nyumba ya urithi, aya haitamtoa mlangoni. Itamtoa amri ya mahakama, na nyuma ya amri hiyo ipo dola.

Tanzania Bara mahakama hizi za kadhi ziliondolewa baada ya uhuru. Kwetu zilibaki hata baada ya Mapinduzi, zikawekewa sheria ya 1985, kisha ya 2017. Zinahukumu Waislamu tu, katika ndoa, talaka, malezi ya watoto, mirathi na wakfu. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 99, hata inaizuia Mahakama ya Rufani ya Tanzania kusikiliza shauri la Kiislamu lililoanzia kwa kadhi. Linaishia hapahapa, Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Je, hilo linapingana na Katiba ya Muungano, inayosema nchi haina dini? Mimi naona hapana. Mjane anayekwenda kwa kadhi anakwenda na haki yake mkononi, anataka itekelezwe. Serikali ikimfungia mlango huo, haitakuwa imemwachia uhuru wowote, itakuwa imemwachia mashemeji.

Linaloniudhi mimi ni jingine kabisa. Sheria ya Mufti ya 2001 inampa Mufti, kiongozi mkuu wa Waislamu hapa Zanzibar anayeteuliwa na Rais wa Zanzibar, mamlaka ya kusimamia misikiti yetu, kuruhusu au kukataa mihadhara, na kuangalia vitabu vya dini vinavyoingia kutoka nje. Soma hapo tena polepole. Mteule wa Rais ndiye anayeamua sheikh gani mgeni asimame kusomesha. Na Ibara ya 19 ya Katiba ya Muungano inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi! Bara Waislamu wenyewe ndio wanaomchagua mufti wao, na hakuna Rais anayemteua askofu wa Kianglikana wa Mkunazini. Basi katika visiwa ambavyo karibu watu wote ni Waislamu, dini iliyoshikwa mkono na serikali kuliko zote ni Uislamu.

Najua jibu la wanaotetea kibali: bila hicho watakuja watu wa fitina. Hofu hiyo siidharau, watu wameumizwa hapa kwa maneno ya mimbarini. Lakini uchochezi ni kosa la jinai, na mtu hushitakiwa kwa alichokisema, mbele ya hakimu, akiwa na wakili. Kibali kinamhukumu kabla hajafungua mdomo, ofisini, bila rufaa ya maana.

Nikiulizwa na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, ningewaomba vifungu viwili tu virekebishwe: masheikh wamchague Mufti wenyewe, na mamlaka ya kibali yafutwe. Fatwa na kutangaza mwezi abaki navyo.