Jasho la vijana lihesabiwe: daftari la kikundi cha plastiki Malindi

Vikundi vingi vya vijana wanaouza plastiki hapa Malindi havifi kwa uvivu. Vinakufa kwa sababu kuna gharama moja ambayo haiandikwi kamwe, nayo ni kazi ya wanachama wenyewe. Sisi wa maendeleo ya jamii tunapokagua madaftari, ukurasa wa mauzo huwa umejaa. Ule wa gharama una nauli ya tuktuk na bei ya magunia, basi.

Tuchukue hesabu ya mfano, nawe uweke bei za kwako. Kikundi kimenunua kilo 400 za chupa kwa waokotaji, Sh15 kwa kilo. Zimetoka Sh6,000. Chupa za ufuoni huja na mchanga na maji ndani, kwa hiyo baada ya kuchambua na kukausha zimebaki kilo 360. Mnunuzi analipa Sh28 kwa kilo, zinaingia Sh10,080. Usafiri, magunia na kodi ya kibanda ni Sh2,700. Daftari linaonyesha faida ya Sh1,380, na kikao kinapitisha kwamba pesa hizo ziwanunulie watoto wa mtaa vitabu.

Lakini kuna vijana watatu walioinama juani siku mbili wakichambua. Kama wangelipwa Sh500 kwa siku kila mmoja, zingetoka Sh3,000. Kikundi hakikupata faida, kilipata hasara ya Sh1,620, na walioilipa ni hao watatu bila kuulizwa. Mwanzoni watavumilia, kwa kuwa wanaipenda kazi na wanawapenda watoto. Baadaye mmoja atapanda bodaboda, mwingine atafuata mjengo, na kikundi kitabaki na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hapo watu husema vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi sikubali. Moyo walikuwa nao, ila waliutoa bure mpaka ukaisha.

Hasara hiyo inaonekana tu pale ujira unapoandikwa. Hata kama wanachama wamekubali kusamehe malipo, andikeni kiasi walichosamehe. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkishaiona hasara, mtajua pa kushika: mzigo mchafu ununuliwe kwa bei ya chini, au upimwe baada ya kukauka, mbele ya aliyeuleta ili asidhani anapunjwa.

Halafu kuna hoteli. Vikundi huchukua chupa za hoteli bure na kushukuru kana kwamba vimepewa sadaka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, fuo zikiwemo. Hoteli ina mzigo wa kuondoa, nanyi mnauondoa. Hiyo ni huduma, iwekeeni bei kwa mwezi. Ila kubeba taka kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa hiyo ulizeni mapema kabla ya kukodi gari. Kumbukeni pia kwamba wageni hujaa wakati wa kaskazi na kupungua wakati wa kusi. Pesa za Januari zisipowekwa akiba, kodi ya Juni itatoka mifukoni mwenu.

Anayetaka kuona mfano wa karibu aende Gede. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, unanunua pupa wa vipepeo (hatua ya baada ya kiwavi, kabla ya kuota mabawa) kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauza nje ya nchi kwa maonyesho ya vipepeo hai. Mkulima analipwa kwa kazi yake, na anapata sababu ya kuutunza msitu, kwa kuwa humo ndimo wazazi wa pupa hao wanamotoka. Uhifadhi haukungoja faida ya mwisho wa mwaka.

Kuhusu usajili, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba na viongozi waliochaguliwa. Ofisi ya maendeleo ya jamii itawaelekeza. Mkishasajiliwa, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mauzo yasiingie kwenye M-Pesa ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu vipi.

Katika katiba hiyo, wekeni kifungu cha mgawo kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, wakati bado hakuna cha kugombania. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: ujira na gharama zote zitoke kwanza, kisha akiba ya msimu mbaya na ya kununulia mizani nyingine, na kinachobaki ndicho kiende kwa jamii. Mwezi usiobakiza kitu, watoto waambiwe wazi kwamba vitabu vitangoja.