Ukivuka Kwenda Hong Kong Umetoka China

Juma lililopita nilipokea kwa mara nyingine ujumbe ambao sasa ningeweza kuuandika mwenyewe kabla mteja hajauandika: "Kaka, oda tumeshaweka, mzigo utakuwa tayari baada ya siku 6. Wikiendi tunakwenda kula bata Hong Kong, Jumatatu tunarudi Guangzhou kwenye ukaguzi." Nilimwomba anitumie picha ya viza yake ya China, na palipoandikwa idadi ya kuingia palikuwa na 01, yaani mara moja tu. Nilipomweleza kwamba akienda hatarudi, aliniuliza swali lililonifanya niandike haya: "Kwani Hong Kong si China hiyo hiyo?"

Mimi ni wakala wa manunuzi. Nawapokea Guangzhou, jiji la kusini mwa China, wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi, nawapeleka sokoni na viwandani, kisha nasimamia ukaguzi na upakiaji wa kontena. Sina ugomvi na starehe zao. Mtu aliyeshinda siku nne katika masoko ya ngozi ya Baiyun akipapasa mikoba na kubishania yuan mbili anastahili jioni yake, na wala sitamwuliza aliimalizia wapi. Ninachogombana nacho ni dhana kwamba safari ya biashara na safari ya starehe zinaweza kuunganishwa kwa kutazama ramani peke yake.

Ndiyo, Hong Kong ni China. Uingereza iliirudisha mwaka 1997, na Ureno ikairudisha Macau mwaka 1999. Lakini kila moja ilibaki na sarafu yake, forodha yake na, kwa habari inayotuhusu hapa, uhamiaji wake. Viza ya China haikuingizi Hong Kong, na ukivuka kwenda Hong Kong pasi yako inahesabiwa kuwa imetoka China, sawasawa na kama ungepanda ndege ya Dar es Salaam. Kurudi ni kuingia upya, na mwenye viza ya kuingia mara moja ameshaitumia mara hiyo siku aliyotua.

Linalowaponza watu ni urahisi wa kutoka. Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa matembezi mafupi Hong Kong, kwa hiyo hakuna mtu wa kuwazuia wala wa kuwaonya. Ni dema: samaki huingia bila kubisha hodi, na habari ya kutoka huifahamu baadaye. Tena tangu Septemba 2018 kuna treni ya mwendo kasi inayotoka kituo cha Guangzhou Kusini hadi West Kowloon, katikati ya jiji, na zile za haraka hazimalizi saa moja. Uhamiaji wa pande zote mbili umewekwa ndani ya jengo la kituo hicho cha West Kowloon, ghorofa za chini, na sehemu ya jengo hilo inatumia sheria za China bara. Abiria anapigiwa muhuri wa kutoka China akiwa tayari amefika chini ya ardhi ya Kowloon, anapiga hatua chache, anahudumiwa na afisa mwingine, kisha anatafuta lifti. Haoni mto, daraja wala bendera ya kumshtua. Wateja wangu wengi huniambia kwamba walihisi wamevuka walipojiunga na wifi ya hoteli na WhatsApp, iliyokuwa kimya kwenye laini ya China, ikaanza kulia mfululizo.

Hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu jambo hili linanikera kuliko uchovu wa masoko yote. Viza ya China ina mistari mitatu ya kuangalia, na karibu kila mteja husoma mmoja. Wa kwanza ni tarehe ambayo usipoingia kabla yake viza imekufa. Wa pili ni siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia. Wa tatu ni idadi ya kuingia: 01, 02, au herufi M kwa maana ya mara nyingi. Tarehe ya mstari wa kwanza si siku ya mwisho ya kukaa. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alibadilisha tiketi kwa gharama akakimbilia uwanja wa ndege, ilhali alikuwa na majuma mawili halali mbele yake. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nalo ni la kuona viza iliyotolewa kwa miezi 3 ukaamini umepewa miezi 3 ya kukaa, kumbe mstari wa pili unasema siku 30. Sheria ya uhamiaji ya China inatoza yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, mwisho yuan 10,000, au kifungo cha siku 5 hadi 15. Na herufi M ina ukorofi wake, kwa sababu aina ya viza ya biashara nayo inaitwa M. Nimeshaoneshwa kwa kidole cha furaha M ya juu, ile ya aina, na mtu aliyekuwa na 01 chini yake.

Wapo wanaonijibu kwa video. Kijana wa Kizungu amevuka Hong Kong na kurudi China mara tatu kwa juma moja huku akitabasamu. Kijana huyo anatumia msamaha wa viza au utaratibu wa kupita bila viza kwa saa 240, ambao una orodha ya nchi zake. Hadi ninapoandika, Tanzania na Kenya hazimo. Pasi yake si pasi yako.

Mkasa wenyewe ni kwamba kalenda yetu inamsukuma mtu kwenye kosa hili. Maonesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, huwa na awamu tatu kila msimu, za siku tano tano. Katika msimu wa Aprili, awamu ya kwanza ni tarehe 15 hadi 19 na ya pili ni 23 hadi 27, na katikati kuna siku tatu za kupanga na kupangua mabanda. Anayetafuta mashine na vyombo vya nyumbani katika safari moja hana la kufanya siku hizo. Hata nje ya maonesho, umeshalipa asilimia 30 ya bei kama malipo ya awali, kiwanda kinashona, na ukaguzi ni baada ya siku kadhaa. Pengo la starehe lipo palepale ambapo viza haikuruhusu kutoka.

Ushauri wangu ni kwamba pengo hilo lijazwe ndani ya China. Treni ya Guilin ni ya saa tatu hivi, na milima yake inapigika picha kuliko baa yoyote. Guangzhou yenyewe ina baa kando ya Mto Zhujiang, kwenye eneo la kiwanda cha bia, si mbali na Mnara wa Canton, ule wa mita 600. Metro husimama karibu na saa sita usiku, kwa hiyo weka nauli ya teksi. Viza ya biashara haikukatazi kucheza muziki, ila inakukataza kulipwa kuupiga. Chukua pasi, maana polisi wana haki ya kuiomba. Ukilala kwa rafiki mtaani Xiaobei badala ya hotelini, uandikishwe polisi ndani ya saa 24, kwani hoteli ndiyo inayokufanyia hilo kimyakimya.

Hong Kong au Bangkok ziwekwe mwanzo au mwisho wa safari, na hapa sina uhakika niliokuwa nao zamani. Nilikuwa nikisema mwisho, daima mwisho. Halafu ukaguzi ukachelewa siku nne, na mteja aliyekuwa na hoteli ya Bangkok iliyolipiwa akasaini upokeaji kwa picha za simu, akapokea nyumbani suruali za watoto zenye zipu zisizofunga. Nikaanza kusema mwanzo. Wa kwanza kunisikiliza alitua kwangu kutoka Bangkok akiwa na furaha tele na nusu ya fedha za malipo ya awali. Siku hizi nasema mwisho, kwa tiketi inayobadilishika, na nasema nikijua kwamba mteja wangu anayekesha kuliko wote ndiye pia mwenye jicho kali kuliko wote asubuhi ya ukaguzi. Sijui hufanyaje. Wasomaji wajue pia kwamba mteja akikaa Guangzhou siku nyingi hununua zaidi, nami hulipwa kwa asilimia, kwa hiyo upimeni ushauri wangu pamoja na hilo.

Kwa aliyekwisha kuvuka, kuna kituo cha maombi ya viza ya China mtaa wa Wan Chai. Nimewaona waliopewa viza pale, na nimewaona walioambiwa wakaombe nchini kwao, na sijaweza kugundua kilichowatofautisha. Usipange biashara yako juu ya kituo hicho.

Aliyepanga kuondokea Hong Kong aangalie pia mfuko wake. Ukiingia China na zaidi ya dola za Marekani 5,000 taslimu, tangaza forodhani na utunze karatasi utakayopewa, kwa sababu unapotoka na zaidi ya kiasi hicho ndiyo utakayoulizwa. Upande wa Hong Kong nao unataka utangaze unapoingia na zaidi ya dola za Hong Kong 120,000. Yule mteja wa juma lililopita ameahirisha Hong Kong hadi baada ya upakiaji, na jana ameniuliza kama Macau nayo ni hivyo hivyo. Ni hivyo hivyo.