Yai la Mbwa Hutoka Likiwa Changa

"Daktari, projesteroni (homoni ya uzazi) ya jike imefika 5, tuyatoe mayai leo tukayarutubishe maabara?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, tena na watu wanaojua kusoma majibu ya maabara. Hapana, usiyatoe leo.

Naona kosa linaanzia kwenye neno. Yai kutoka kwenye ovari tumezoea kukuita "upevukaji", na kwa mwanamke au ng'ombe ni sawa: yai linalotoka limeshapevuka. Kwa mbwa sivyo. Lake hutoka changa, kisha hukaa mrijani, kwenye njia ya mayai kutoka ovari, siku mbili hadi tatu ndipo likomae. Ukiosha mirija siku hiyohiyo utapata mayai, ndiyo, meusi kwa mafuta, ya kupendeza kwenye hadubini, lakini kiinitete hupati. Wala usinambie utayakomazia maabara. Kwa mbwa njia hiyo matokeo yake bado ni duni sana.

Kwa hiyo hiyo 5 (nanogramu kwa mililita) ni mwanzo wa kuhesabu. LH, homoni inayochochea yai kutoka, hupanda projesteroni ikiwa karibu 2, yai hutoka siku mbili hivi baadaye, halafu ndiyo unasubiri likomae. Watafiti wa Cornell, Marekani, waliyaacha mayai mrijani siku moja zaidi, na urutubishaji wa nje ya mwili ukaanza kukubali: mwaka 2015 walizaliwa watoto 7 wa mbwa. Siku moja tu! Nikikwambia subiri, nakuokolea jike upasuaji wa bure.

Kuna na hoja nyingine ninazozisikia kuhusu siku ya yai kutoka. "Siku ya 12 ya damu ndiyo yenyewe." Wapo majike wanaotoa mayai wiki ya kwanza, wapo wa wiki ya tatu. Kalenda haijui.

"Kuangalia seli za ukeni kwa hadubini kunatosha." Zinakuonyesha jike yuko kwenye joto. Siku ya yai kutoka hazikupi.

"Nimeshapima projesteroni mara moja." Kipimo kimoja ni picha moja. Anza kila baada ya siku mbili, ikianza kupanda pima kila siku, maabara ileile, mashine ileile. Na usome kizio! Juzi mfugaji alinijia na 16, amekata tamaa kwamba amechelewa. Zilikuwa nanomoli kwa lita. Gawanya kwa 3.18, unapata 5. Jike wake ndiyo kwanza alikuwa anatoa mayai.

Damu ya kipimo itiwe kwenye chupa ya kawaida isiyo na jeli ya kutenganisha damu, maana jeli huweza kushusha kiwango cha projesteroni. Hili nalirudia kwa kila anayenipigia simu.