Asubuhi ya kipupwe ziwani: kabla hujashusha kayaki

Kati ya Juni na Agosti, ukisimama Capri Point, Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ziwa Victoria huonekana limelala. Maji kwenye mawe hayatikisiki, kisiwa cha Saanane kinaonekana karibu, na kijana aliyekodi kayaki anaona jaketi okozi ni mzigo. Utulivu huo unatokana na vilima na mawe yaliyo nyuma yake. Ziwa lenyewe liko vingine.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo kufikia alfajiri hewa ya baridi inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kipupwe kinauongezea nguvu upepo huo kwa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Mwanza ipo kusini mwa ziwa, kwa hiyo pepo zote mbili zinakusukuma upande mmoja: kule kwenye maji makuu. Chini ya kilima huusikii upepo, unapita juu yako. Ukishatoka mita mia chache unakupata mgongoni, na hapo ndipo watu wanapokosea, maana safari inakuwa tamu. Unagusa maji kwa kafi, kayaki inateleza. Ukigeuka, upepo uleule uko usoni, mawimbi mafupi yanafuatana bila nafasi, na mikono imeanza kuchoka. Nyuma yako kuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800.

Kwa hiyo anza kwa kuukabili upepo ukiwa bado una nguvu, ili ukurudishe. Pasipowezekana, ambaa na ufuko. Usipime hali kwa maji yaliyo miguuni pako. Tazama mbali: mistari myeusi juu ya maji na povu jeupe vinakuambia upepo umeshika. Angalia moshi wa majiko ya ufukweni unaelekea wapi. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa tahadhari za upepo mkali na mawimbi.

Nikizungumzia baridi, wengi huniuliza: baridi gani ya Mwanza? Msimu huu maji ya juu huwa na nyuzijoto 24 hivi, na mwili wako una 37. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Aliyepinduka akakaa majini muda mrefu, kisha akapigwa na upepo akiwa na nguo mbichi, anaweza kupoa hadi hatari. Huanza kutetemeka, vidole vinashindwa kufunga kamba, maneno yanakuwa mazito. Mwangalie sana yule aliyekuwa akitetemeka kisha akanyamaza. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike, na kama ana fahamu zake mpe chai ya moto yenye sukari. Usimsugue mikono wala miguu, na usimpe pombe: humfanya ajisikie ana joto huku mwili ukizidi kulipoteza.

Kayaki ikipinduka, ishikilie. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na waogeleaji hodari wamezama kwa kuiacha. Kayaki inaelea, na mwokoaji huiona mapema kuliko kichwa cha mtu. Ukishindwa kuipanda, kunja magoti kifuani, bana mikono ubavuni, tulia. Haya yote yanategemea jaketi okozi lililofungwa mikanda yote. Kabla ya kuondoka, mwombe mwenzako alivute juu mabegani: likifika masikioni, ni kubwa mno kwako.

Wanaopenda mdomo wa mto Simiyu, upande wa Ghuba ya Speke, wakumbuke kiboko. Hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, na hapendi kukuta mtu kati yake na maji. Mamba nao wapo. Waulize wavuvi wa hapo kabla hujaingia kwenye matete. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna pia kichocho. Kama uliingia, nenda ukapime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake ipo.

Mwisho, mwachie mtu wa nchi kavu taarifa: rangi ya kayaki, mko wangapi, mnaelekea wapi na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita asisubiri jioni. Apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.