Je, wajua? Oktani si nguvu ya petroli

Fungua kifuniko cha tangi la Subaru Forester ya turbo iliyoagizwa kutoka Japani, utakuta kibandiko cha Kijapani ambacho wengi hatuna habari nacho. Kinachodai ni "haioku", petroli ya oktani ya juu. Kwao hiyo haishuki chini ya 96, na ile ya kawaida huanzia 89. Vitz ya kawaida hunywa hiyo ya pili bila kinyongo.

Basi ya 96 ina nguvu zaidi? Hapana. Oktani hupima subira. Pistoni ikipanda hubana hewa na petroli, na hewa ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli anajua inavyochoma kiganja. Petroli yenye subira hungoja cheche ya plagi. Isiyo nayo hujilipukia pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia, ndipo gari likiwa na mzigo mlimani unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Fundi atakwambia injini inagonga.

Ushahidi uko kwenye ethanoli: oktani yake inapita 100, ilhali lita yake moja ina nishati pungufu kwa karibu theluthi kuliko ya petroli. Kwa hiyo mwenye Vitz anayelipia oktani ya juu anamneemesha mwenye sheli tu.

Mwenye turbo, kifaa kinachoshindilia hewa zaidi ndani ya silinda, ndiye wa kuangalia. Akitia ya oktani ndogo, sensa husikia kugonga na kompyuta huchelewesha cheche. Gari linakuwa zito, mguu unakandamiza, mafuta yanakwenda zaidi, na hewa ya ukaa inayotoka kwenye ekzosi inaongezeka. Injini ya zamani isiyo na sensa hugonga hadi kichwa cha pistoni kitoboke.

Zamani dawa ya kugonga ilikuwa kemikali ya madini ya risasi iliyotiwa kwenye petroli, ambayo uwezo wake huo uligunduliwa mwaka 1921 katika maabara ya General Motors kule Ohio. Ilitibu kweli, ila ilitia watu sumu, ikachafua plagi na oili. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho kuacha kuwauzia wenye magari petroli hiyo, mwaka 2021.

Na oili ya leo? Injini ikigonga sana, joto huichosha mapema, na ringi za pistoni zikivunjika moshi wa silinda huishukia. Lakini kuna kisa cha kinyume, nacho ndicho kinachonishangaza zaidi: katika turbo ndogo za kisasa, tone la oili linaweza kuponyoka kwenye ringi, likachanganyika na petroli na kuwaka kabla ya plagi. Kalsiamu iliyomo kwenye viungo vinavyotiwa kwenye oili ili kusafisha injini huchochea hilo. Ndiyo maana mwaka 2018 likaja daraja la oili la API (taasisi ya petroli ya Marekani) liitwalo SN Plus. Ukinunua oili ya gari la namna hiyo, angalia mgongoni mwa galoni kama ni hilo au la baadaye.