Je, wajua kwa nini The Smiths walivunjika wakiwa juu kabisa?

Ukiwauliza wapenzi wa roki ya Uingereza ni bendi gani ilikufa kabla ya wakati wake, wengi watakutajia The Smiths wa Manchester. Jamaa walianza 1982 wakavunjika 1987, na katika muda huo walitoa albamu 4 za studio na zote zilifika nafasi ya 1 au ya 2 kwenye chati ya Uingereza. Hakuna albamu iliyobuma, hakuna aliyefariki, nyimbo mpya zilikuwa zinatoka kila baada ya miezi michache tu. Sasa ilikuwaje?

Jibu lililozoeleka ni kwamba Morrissey muimbaji na Johnny Marr mpiga gitaa waligombana. Ni kweli walifika mahali hawaongei, ila ukifuatilia mambo mwaka hadi mwaka unaona ugomvi wao ulikuja mwishoni kabisa, kilichowaua kilianza mapema sana: bendi haikuwa na meneja wa kudumu na haikuwa na karatasi inayosema nani anapata nini.

Mwaka 1982 Marr alikuwa na miaka 18, anauza nguo dukani, gitaa analijua balaa, anachokosa ni mtu wa kumwandikia mashairi. Akasikia kuna jamaa anaitwa Steven Morrissey, anakaa na mama yake kule Stretford, hana kazi, anashinda ndani anasoma na kuandika. Marr akaenda mpaka nyumbani kwao na rafiki mmoja aliyewajua wote wawili, wakapiga hodi. Walielewana palepale, huyu atatunga muziki na yule ataandika maneno. Baadaye drams akazishika Mike Joyce, na besi ikaenda kwa Andy Rourke, rafiki wa Marr tangu shuleni.

Ili uelewe kwa nini watu walichanganyikiwa nao lazima ukumbuke redio ya Uingereza wakati ule ilikuwa imejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Hawa wakaja na gitaa, besi, drams na sauti, basi. Marr hakuwa mtu wa kupiga solo ndefu za kujionyesha, alikuwa anadonoa nyuzi mojamoja, halafu studio anarudia kurekodi gitaa juu ya gitaa mpaka unadhani wapo wapigaji 3 au 4, na ukisikiliza kwa earphone unaweza kuzifuata moja baada ya nyingine, mimi huo ndio utamu wao mkubwa. Juu yake Morrissey anaimba upweke, aibu, kukosa kazi, kumpenda mtu asiyekuona, mambo ambayo vijana walikuwa nayo vyumbani na hakuna aliyekuwa anayaimba waziwazi vile. Novemba 1983 walitokea kwenye kipindi cha Top of the Pops cha BBC, Morrissey kavaa shati pana na mkufu wa shanga, mkononi kashika shada la maua anayazungusha hewani huku anaimba. Kuna watu wazima leo Uingereza wanakwambia maisha yao yalibadilika jioni ile.

Hapo walikuwa wameshasaini na Rough Trade, lebo ndogo ya kujitegemea ya London. Na hapa ndipo pa kutega sikio, ule mkataba ulisainiwa na Morrissey na Marr peke yao. Rourke na Joyce majina yao hayamo. Wanapiga kila wimbo, wapo kwenye kila ziara, ila kisheria hawajulikani pale.

Meneja wao wa kwanza alikuwa Joe Moss, mfanyabiashara wa nguo wa Manchester, mtu mzima kidogo aliyempenda Marr kama mwanae na ndiye aliyewapa chumba cha mazoezi juu ya sehemu yake ya biashara. Huyu angeweza kuwakalisha chini wote wanne wakaandikiana. Lakini Moss aliondoka mapema, hata albamu ya kwanza ya Februari 1984 haijatoka, na baada yake wakaja watu kadhaa mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyedumu. Morrissey alikuwa mgumu kumwamini mtu wa nje, na kila meneja akiondoka mzigo unamwangukia Marr. Yaani kijana wa miaka 20 na kidogo, ndiye mtunzi, ndiye anayesimamia sauti studio, na bado ndiye anayepokea simu za lebo, za magari ya kubebea vyombo, za nani kalipwa na nani hajalipwa.

Mwaka 1985 wakaanza kuvutana na Rough Trade, mpaka lebo ikaenda mahakamani kuwazuia wasihame na kazi yao, na albamu ya tatu, The Queen Is Dead, ambayo ilishakuwa tayari, ikakaa kabatini miezi mingi mpaka Juni 1986. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Rourke alifukuzwa kwa sababu ya heroini, kisha wakamrudisha. Wakasaini na EMI, lebo kubwa, ilhali bado wanadaiwa albamu na Rough Trade. Wakaenda ziara Marekani, wakachoka kiasi kwamba shoo za mwisho zilifutwa, Marr alikuwa anakunywa sana, na Novemba akapata ajali mbaya ya gari. Shoo ya mwisho kabisa ilikuwa Brixton Academy, London, Desemba 1986, na waliokuwepo hawakujua kwamba hawatawaona tena.

Mei 1987, baada ya kumaliza albamu ya nne, waliingia studio ndogo Streatham, kusini mwa London, kurekodi nyimbo za ziada za kuweka upande wa pili wa singo. Marr alishaomba apumzike, hakusikilizwa. Morrissey akaleta wazo la kurudia wimbo wa miaka ya 60 wa Cilla Black, mwimbaji wa pop wa Uingereza. Marr baadaye alisema hakuunda bendi ili aje kupiga nyimbo za Cilla Black. Watu wanakipenda sana kisa hiki kama ndio sababu yenyewe, mimi naona mtu aliyechoka vile angeondoka kwa lolote. Akaenda zake Los Angeles, gazeti la muziki la NME likaandika kwamba The Smiths wanavunjika, hakuna meneja wa kupiga simu mbili na kuwapatanisha, na Marr akaondoka kweli, ana miaka 23. Albamu ya nne ikatoka Septemba bendi imeshakufa, na EMI hawakupata hata albamu moja mpya ya The Smiths.

Sasa hela. Kuna mapato ya aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, hayo yalikuwa ya Morrissey na Marr na hakuna aliyeyapinga. Ya pili ni ya rekodi na shoo, yaani kupiga kwenyewe, na hapo Morrissey na Marr walikuwa wanachukua asilimia 40 kila mmoja, Rourke na Joyce wanapewa 10 kila mmoja. Joyce akasema hajawahi kukubali mgao huo, yeye alijua ni 25 kwa kila mtu. Morrissey akasema walikubaliana tangu 1983. Karatasi? Hakuna.

Joyce akawashtaki, kesi ikasikilizwa Mahakama Kuu London Desemba 1996, na jaji John Weeks akaiamua kwa Sheria ya Ubia ya 1890. Sheria ile inasema watu wakifanya biashara pamoja na hakuna makubaliano mengine, faida inagawanywa sawa kwa sawa. Anayedai walikubaliana tofauti ndiye wa kuthibitisha, na Morrissey na Marr hawakuweza. Jaji akamwelezea Morrissey kama mtu mjanjamjanja, mkaidi na asiyeaminika pale maslahi yake yanapoguswa. Joyce akapewa 25 yake pamoja na malimbikizo ya karibu pauni milioni 1. Morrissey akakata rufaa, akashindwa 1998.

Rourke yeye hakuendelea na madai yake. Alikuwa na shida ya pesa, akakubali mapema pauni 83,000 na kubaki na 10 yake, kwa hiyo waliopiga pamoja besi na drams kwenye nyimbo zilezile, mmoja akawa analipwa 25 na mwenzake 10. Alifariki Mei 2023 kwa saratani ya kongosho, na wanne hao hawakuwahi kurudiana kama bendi.